Mafuta ya Kukanda Vidole

Kakuma, 4 Machi 2024

Mpendwa Mama,

Habari ya huko gesti ya Nawoitorong? Mgongo umepoa, au bado unainua masufuria ya jikoni peke yako? Mimi sijambo, na huyu wa tumboni naye hajambo. Wiki hii anafikisha miezi mitatu.

Nakuandikia kwa sababu simu yako husikilizwa na watu wote wa jikoni, na jambo hili ni letu. Kliniki walinipima damu. Nesi Rooda anasema nimebeba selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Siumwi, wala sitaumwa. Lakini kama Longor naye amebeba, mtoto anaweza kuirithi kwetu sote wawili, akawa mgonjwa maisha yake yote. Kuna kipimo Nairobi: wanachota maji kidogo tumboni kwa sindano, wanajua hali ya mtoto kabla hajazaliwa. Ni lazima kifanyike kabla mimba haijapita miezi mitano. Kwanza wanataka damu ya Longor, na mume wangu huyo mwanao yuko ziwani Todonyang na samaki wake wa kukausha, simu haishiki mpaka apande kilima.

Tena Rooda amenipa karatasi ya kuchora ukoo. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Asiyebeba anaachwa mweupe, anayebeba anapakwa wino nusu, mgonjwa anapakwa wote, na aliyekufa anakatwa mstari. Upande wangu nimemaliza. Upande wenu nina wewe, baba yake Longor aliyewaacha, na chini yenu mraba mmoja tu. Nisaidie, Mama. Kuna mtoto kwenu aliyewahi kuumwa viungo, macho yakawa manjano, akafa mdogo?

Tangu ndugu zangu warudi kwetu Bor, nikitoka shule kufundisha naongea na sufuria. Usikawie kujibu.

Binti yako,
Adau


Lodwar, 9 Machi 2024

Binti yangu Adau,

Ejok? Mimi ejok. Mgongo ni ule ule, nimeuzoea kama mume mlevi. Usicheke mwandiko wangu, wa sisi ngumbaru tuliosoma ukubwani hauna haraka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mwambie huyo nesi kwetu hakuna. Longor ni wangu wa kwanza na wa mwisho, na tangu nimzae hajalazwa na homa zaidi ya siku mbili. Usimsumbue, ana kazi. Hawa watu wa kliniki wakikosa ugonjwa mwilini wanautafuta kwenye karatasi.

Zubeyr mwenye gari anakuletea chupa ya mafuta ya mkia wa kondoo. Mtoto akizaliwa, mkande vidole vya mikono na vya miguu kila asubuhi, polepole. Usisahau vidole.

Mama yako


Kakuma, 12 Aprili 2024

Mpendwa Mama,

Natumai hujambo na joto hili. Sisi wawili tuko salama, ameanza kucheza. Mafuta yamefika, Zubeyr aliyabeba mapajani njia nzima kama yai. Lakini mbona vidole tu? Mtoto ana mgongo, ana kichwa, ana makalio.

Longor alipiga akiwa kilimani. Nikamwomba aje apimwe. Akasema, “Kama mama amesema hakuna, hakuna. Wewe unataka nini ingine?” Halafu simu ikakata. Rooda hakuridhika, alisema neno si kipimo. Alinishikia nafasi ya Nairobi wiki mbili, Longor akija tu apimwe twende. Jana nimemwambia ampe mwingine. Nilimwambia mama mkwe wangu hawezi kunidanganya.

Basi nimetulia. Ule mraba wa Longor nimeuacha mweupe.

Binti yako,
Adau


Lodwar, 2 Juni 2024

Adau,

Sitakuuliza hali. Soma mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Wiki jana watu wa afya walifanya semina hapa gesti. Mimi nilikuwa nagawa chapati. Mwalimu wao akaweka picha ukutani, mkono wa mtoto mchanga, vidole vimevimba kama soseji. Akasema hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya selimundu, wazazi wengi hudhani mtoto ameumwa na mdudu. Nikaweka sinia chini. Mkono ule naujua. Nimeukanda kwa mafuta asubuhi ngapi.

Longor si wa kwanza. Kabla yake nilikuwa na Lotiir, akafika miaka minne. Baada ya Lotiir nikazaa Akiru, hakufika miwili. Wote walivimba vidole, wote macho yao yaligeuka manjano, wote walilia wakishikwa miguu. Baba yao alisema tumbo langu linakula watoto. Wa tatu alipozaliwa hakungoja kuona, aliondoka na mbuzi. Mimi nikambeba Longor mgongoni nikaja mjini, na hapa mjini nikasema huyu ni wa kwanza. Nimesema hivyo miaka thelathini mpaka ulimi umezoea. Hata yeye hajui.

Ulipouliza, niliogopa. Nilisema moyoni, ndugu zako wa Bor hawakuitaka ndoa hii, wakisikia watakurudisha kwenu, na mimi nitabaki na mtoto mmoja asiye na mke. Sikujua mpaka siku ya semina kwamba naye baba yao alibeba nusu, kama mimi. Nilidhani ni mimi tu. Nimeona haya maisha yangu yote kwa kosa ambalo nusu yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Nimehesabu. Umepita miezi mitano. Najua nilichokunyang'anya.

Wachore wote wawili. Mraba ni Lotiir, duara ni Akiru. Wapake wino wote, uwakate mstari. Mimi mkono wangu umekataa.

Mama yako


Lodwar, 30 Juni 2024

Binti yangu,

Hujambo? Zubeyr anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaingia nayo ndani.

Nilimwita Longor, nikamwambia yote. Hakula. Alikwenda akatoa damu, majibu yakatoka: amebeba. Akaniuliza, “Walikuwa wanafanana na mimi?” Nikamwambia Lotiir sana. Kesho yake akarudi ziwani. Kuondoka huko nakujua, ni kwa baba yake.

Mama yako, kama bado


Lodwar, 18 Agosti 2024

Adau,

Sina neno jipya. Mgongo unauma. Natuma sukari na majani ya chai. Usipotaka kuandika, mrudishie Zubeyr mfuko mtupu, nijue mko hai.

Mama Longor


Kakuma, 6 Oktoba 2024

Mama,

Habari ya siku nyingi. Tuko hai. Nilirudisha ule mfuko bila neno kwa makusudi, nilitaka uumie. Sasa imetosha.

Nimejifungua tarehe kumi na moja Septemba, msichana, kilo tatu kasoro kidogo. Walimchoma kisigino wakampima. Ni mgonjwa. Ameirithi kwetu wote wawili.

Nataka ujue nilikasirikia nini. Sijui ningeamua nini kama ningepimwa Nairobi. Labda ningemzaa vilevile, naona ningemzaa. Lakini hilo lilikuwa langu la kuwaza. Ningekaa nalo miezi, nilie, nizoee, nimpokee nikijua. Badala yake niliambiwa asubuhi moja, maziwa yanavuja, nikiwa sina mtu wa kumtazama usoni isipokuwa Rooda. Longor alikuja siku mbili. Alimshika kama ameshikishwa mzigo wa mtu mwingine, akarudi Todonyang. Sitamlaumu leo, sina nguvu.

Karatasi nimeichora upya. Lotiir yupo. Akiru yupo. Nimewapaka wino kwa mkono wangu, nikakata mstari, nikalia kwa ajili ya watoto nisiowajua. Chini yangu na Longor, ambaye sasa naye ni nusu, ni binti yetu. Naye nimempaka wote, ila yeye hana mstari.

Rooda amempa dawa za kila siku. Anasema Lotiir na Akiru hawakuwa na dawa hizi, usifikiri ya kale ni lazima yarudi. Anasema pia miezi ya kwanza huwa mitulivu, maumivu huanza karibu na nusu mwaka. Sasa hivi vidole vyake ni vyembamba, vinashika nguo yangu. Kila asubuhi navitazama kimoja kimoja, peke yangu, na naogopa.

Watu wote hapa wananiambia itakuwaje. Hakuna aliyewahi kushika mkono ule isipokuwa wewe. Chupa ya mafuta sijaifungua. Zubeyr amekuwekea kiti cha mbele gari la Alhamisi, kwa ajili ya mgongo wako. Njoo unifundishe.

Binti yako,
Adau