Mlango Wetu Mchana

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako hajambo, na paka kazaa tena ndani ya kabati langu.

Umeuliza kwa nini nnakaa kimya kila Jumamosi ukinitumia picha za miji ya kale ya huko Uingereza. Ni wivu, mjukuu wangu.

Babu yako naye alisoma huko miaka ya hamsini. Mimi, bi harusi wa juzi, nikabaki hapa Mji Mkongwe napokea kadi zake: leo ngome, wiki ijayo kanisa la mawe. Zama zile mke wa mtu hatoki mchana. Tulitembeleana baada ya magharibi, ndani ya buibui.

Siku moja nikachungulia dirishani, nikamwona mwanamke wa Kizungu aliyeshuka melini, kasimama juani anaupiga picha mlango wetu. Akazipapasa nakshi zake kwa raha zake. Nikajua kumbe hata kwangu watu huvuka bahari kuja kutazama. Hilo halikunipoza. Mlango ule nilipitishwa usiku wa harusi, na mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kuuona juani.

Basi Jumamosi ukipiga picha mlango wa watu, tazama na dirishani.

Bibi yako,
Moza