Vumbi la Kokobolo

Jumatatu, 9 Januari
Mwanangu Opal kakohoa kutwa. Kifua kinapiga filimbi kama birika. Daktari kasema ni mafua ya msimu, Wisconsin nzima watoto wanayo. Sawa. Lakini mafua gani haya yasiyoisha tangu Krismasi?

Chini karakanani mume wangu Lyle anakereza. Fimbo ya pool ya Bwana Stroud wa Madison inakaribia kwisha — mpingo, mbao nyekundu ya kokobolo, na pembe ya ndovu pale kwenye kiungo. Pembe hiyo ni kipande cha mwisho cha baba mkwe, fundi kabla ya Lyle, alikinunua zamani kabla ya marufuku. Stroud kaisubiri fimbo hii miaka. Mbao zenyewe zimesubiri zaidi, zinaning'inia karibu na tanuri la kupashia nyumba joto, zikitulia. Katika nyumba hii mbao hazipati baridi hata siku moja.

Nimechoka. Basi.

Alhamisi, 12 Januari
Lyle kaenda Chicago kwenye maonyesho ya fimbo. Kerezo kimya. Opal kalala mchana bila kukohoa! Nilikaa tu namtazama. Hata vyombo sikuosha.

Jumapili, 15 Januari
Lyle karudi. Kashuka karakana hata koti hajavua. Kabla ya chakula cha jioni kifua cha mtoto kimeanza tena.

Sitaki kufikiri ninachofikiri.

Jumatano, 18 Januari
Leo nimetoa chujio la tanuri nilibadilishe. Siku zote huwa la kijivu. Hili lilikuwa la rangi ya machungwa, kama limepakwa pilipili ya unga. Na linanukia — ile harufu tamu ya kokobolo ikikatwa. Tanuri linavuta hewa ya karakana na kuipuliza vyumbani. Na kitanda cha Opal kiko juu ya tundu la hewa. Tulikiweka pale sisi wenyewe, apate joto.

Nikaliweka mezani mbele ya Lyle na baba yake, kando ya kahawa zao.

Lyle kaligusa kwa kidole. Kakipangusa kwenye suruali. Halafu: "Nitavaa barakoa."

"Unayo tayari. Na Opal naye nimvishe?"

Baba mkwe kacheka. "Binti, huyu mumeo kakulia ndani ya vumbi hilohilo. Mtazame, fahali!"

"Na wewe, Baba, mbona siku hizi unalala umekaa kwenye kiti?"

Kainamia kahawa yake. Nilijuta kidogo. Kidogo tu.

Nikasema mbao zihamie gereji ya gari kule nje, azikatie huko. Lyle karuka kama kamwagiwa maji ya moto. Gereji, na baridi hii? Pembe itapasuka kabla hakujakucha, kokobolo itajipinda kama ndizi! Hasemi uongo. Aliwahi kusahau fimbo moja kwenye gari usiku wa theluji, pembe ikapata ufa mwembamba kama unywele. Alikaa siku nzima hasemi na mtu.

"Basi mbao zibaki," nikasema. "Sisi tutoke."

"Cory, namalizia tu hii ya Stroud. Baada ya hapo kokobolo basi. Yote nauza."

"Maliza. Ukishaziondoa, njoo utuchukue kwa dada Janine."

Sikupandisha sauti. Nikaanza kukunja nguo za mtoto.

Jumamosi, 21 Januari
Kwa dada yangu Janine. Opal kala makaroni bakuli zima, kaomba tena. Kifua kimya kabisa. Janine kaniambia, "Wanaume wa wenzio wana michepuko, wako ana gogo." Nimecheka mpaka nikalia. Au nimelia mpaka nikacheka, sijui.

Alasiri Lyle kaja. Kaoga, nguo safi, kanyoa na ndevu. Nilifurahi, sitakataa. Kasema fimbo imekwisha, Stroud kaja kuichukua mwenyewe, kaishika kama mtoto mchanga.

"Na mbao?"

"Nimezifunika nailoni, mpenzi. Vumbi halipiti."

"Kumbe ziko palepale."

Katazama viatu vyake. Stroud kaagiza nyingine kama ile, ya mwanawe. Pembe hakuna tena, lakini kokobolo inatosha. "Ningemkatalia vipi, Cory? Kasema hajaona kazi kama ile tangu enzi za Baba."

Alikuwa anatabasamu. Ndipo nikamwona vizuri. Kope zimevimba. Shingoni vipele mpaka ndani ya kola. Anapumulia mdomo.

"Umeanza lini kupumua hivyo?"

"Baridi tu hiyo."

Nikamwambia akanisubiri garini, nifikiri kwanza. Nimekaa meza ya jikoni naandika. Mkoba wetu uko mlangoni, sijaufungua wala kuupeleka garini. Nje injini inanguruma, vioo vimejaa mvuke, simwoni uso.

Kapiga honi. Opal kaijua honi ya baba yake — kiatu kimoja keshavaa, cha pili ananiletea nimfunge.