Kitambaa Chekundu Juu ya Tangi

Wajina wangu Wambui,

Umeamkaje huko Kanada? Hapa tuko salama. Baba yako, mwanangu ambaye Ruiru nzima haina fundi wa stima kama yeye, alihamia Thika kikazi, kwa hivyo nyumbani nimebaki na kuku.

Umeniuliza mimi nyanya yako, "Cucu, nikija Desemba nitaijuaje nyumba, na mtaa wenu wa Gatongora umejaa maghorofa?"

Nilipoolewa hapa, mama yangu alikuja kuniona kwa miguu kutoka Gatuanyaga, kule kwenye vumbi. Hakujua kusoma. Thika walimwambia aulize Juja, Juja wakamwambia aulize Ruiru, na Ruiru wakamwonyesha mashamba ya kahawa tu. Lakini mimi sikuwa mjinga. Nilikuwa nimetundika kitambaa changu chekundu, alichokijua tangu nyumbani, juu ya ua, akakiona kwa mbali.

"Wewe msichana," akaniambia jioni hiyo, vumbi hadi magotini, "hukupata mume karibu?"

Tulicheka hadi chai ikamwagika.

Siku hizi ua hauonekani, maghorofa yameuziba. Kitambaa nimekifunga juu ya tangi la maji, nimepanda ngazi mwenyewe na miaka yangu hii. Najua Desemba bado iko mbali. Lakini nimeshakifunga.

Ni mimi, Cucu wako