Linux imekubalika Malindi, lakini si kupitia kwangu

Jumamosi. Joto tangu alfajiri, na ndani yangu kunawaka zaidi.

Naona wivu. Nimejaribu kuuita uchovu, haukubali.

Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa nikiihubiri Linux mji huu. Nimewachosha watu nayo mpaka harusini. Madrasa ya mtaani kwetu niliwaendea mara kadhaa, nikawaeleza kwamba mfumo huu wa kuendeshea kompyuta ni wa bure, kwamba kila mtu ana haki ya kuufungua na kuurekebisha, kwamba zile kompyuta zao kongwe zitapata nguvu. Wakanimiminia kahawa, wakaniambia inshallah. Nami, mzaliwa wa hapa hapa, nikaenda zangu nikidhani nimekubaliwa.

Leo baada ya adhuhuri nimepita kuwaamkia. Kompyuta zote zinatumia Linux.

Amewawekea Rukia, binti aliyehamia juzi juzi kutoka Lamu. Hakuwahubiria chochote. Aliketi na Mwalimu Salma, akamuuliza kazi gani inamsumbua, akamtengenezea kibodi ya Kiarabu, na kila kitu akakipanga pale pale walipokizoea. Basi. Jina la Linux hata hawalijui, wao wanaziita kompyuta za Rukia.

"Mwanangu, Rukia katufaa kweli kweli," Mwalimu Salma akaniambia. "Kwani na wewe waijua hii?"

Waijua hii! Nikacheka kwa meno tu.

Rukia mwenyewe alikuwa kainamia printa, jasho linamtoka. Imegoma. Kadi za maulidi lazima zichapwe leo, na mwalimu mkuu ameshasema ikifika magharibi bila kadi, fundi ataitwa arudishe mfumo wa zamani kwenye kompyuta zote.

Printa kama ile ninayo nyumbani. Dawa yake naijua, kuna programu ndogo ya kuiwekea kwanza.

Nikaaga, nikasema nina haraka.

Haraka ya wapi? Nimekuja kukaa kitandani na kumwombea msichana wa watu aibu. Raha yenyewe sikuipata, maana najua Linux ikifukuzwa pale leo, hakuna atakayeipokea tena mtaa huu, hata ikiletwa na nani.

Baada ya alasiri nikachukua simu, nikatafuta namba ya Rukia kwenye kundi la mtaa, nikamwandikia maelezo yote, hatua kwa hatua. Bila salamu, Mungu anisamehe.

Jibu limekuja sasa hivi: "Shikamoo kaka. Zinatoka! Mwalimu Salma apiga vigelegele huku. Ahsante sana."

Nimelisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Nimefurahi, na bado roho inaniuma, yote mawili pamoja.

Nikaanza kumjibu: "Si lazima uwaambie ni mimi."

Nimeifuta. Na waambiwe.