Mianzi Iliyofiwa

Kitandililo, Makambako

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu kutoka kwenye ukungu na baridi inayouma vidole. Kaburi la mdogo wangu Alois nimeliona.

Jana nilisimama juu ya bonde lake la mianzi. Imerefuka, imefungamana, ndege wamejaa. Nikakumbuka usemavyo wewe na masomo yako ya mazingira, kwamba asili ni pale ambapo mtu hajatia mkono. Nikamwambia mjane wake, "Shemeji, hapa pamependeza."

Akanitazama. "Unapasifu? Mianzi hii imefiwa kama mimi."

Nikueleze. Mwanzi wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, hupandwa na mtu. Chipukizi likiwa changa hukatwa ncha, kisha huchongwa asubuhi na jioni ili utomvu wake mtamu udondoke. Tangu Alois azikwe hakuna aliyechonga, na machipukizi yamekomaa yakawa magumu.

Niliomba kisu chake. "Mikono ya chaki hiyo, shemeji, utajikata!" Akacheka, mara ya kwanza tangu nije. Nikakata ncha ya chipukizi moja lililosalia changa, nikalifungia mbeta, kile kikombe cha mwanzi.

Leo asubuhi tulikuta mafunda mawili tu. Tulikunywa moja moja, tukilia. Jumamosi naondoka, na sioni nani atakayechonga. Kama mtu si sehemu ya asili, mjukuu wangu, sijui bonde lile linamlilia nani.

Mshike bibi yako mkono kwa niaba yangu, na usilale bila kula.

Babu yako