Mjomba Ameniahidi Friwili ya Gurudumu Moja

Kwako Bi Esha, mshauri wa wasomaji,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Nyangamara kwa mjomba wangu, na jambo hili nimekaa nalo mpaka limenifanya nikosee hesabu ambazo siku zote napata, kwa hiyo nimeona nikuandikie kabla sijaharibu zaidi, na nakuomba unishauri kama ungemshauri mwanao, hata ikibidi kunigombeza.

Shuleni kwetu tuna kikundi cha sarakasi kinachofundishwa na Mwalimu Ambrosi, na mimi ndiye ninayepanda baiskeli ya gurudumu moja. Kwa ambaye hajaiona, ni gurudumu, juu yake kiti, pembeni pedali mbili, basi, haina usukani, haina mnyororo, haina breki. Pedali zimefungwa moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka na miguu inazunguka, utake usitake, ukikanyaga mbele linakwenda mbele na ukikanyaga nyuma linarudi nyuma. Mchezo wangu mkubwa ni kusimama palepale katikati ya uwanja, nikilipeleka gurudumu mbele kidogo na nyuma kidogo kama mtu anayembembeleza mtoto, huku nimeshika ungo napepeta ufuta, na punje hazimwagiki, au zikimwagika ni chache na kuku wanashukuru.

Tatizo ni mteremko. Njia ya kwenda shuleni inashuka, na nikishuka nayo miguu yangu inazunguka haraka kuliko ninavyoiamuru, na binamu yangu Leonard, mtoto wa mjomba, ambaye kwa desturi ni mtani wangu, hunisubiri pale chini na wenzake akapaza sauti, "Jamani, mashine ya kusaga imetoroka! Nani ana mahindi?" Kila siku mahindi, Bi Esha. Sasa muhula uliopita Mwalimu Ambrosi alituonyesha kwenye simu yake video ya mtu wa nchi za nje aliyefungiwa friwili ndani ya kitovu cha gurudumu lake moja, kama ile ya baiskeli za kawaida, akashuka mlima mzima miguu imetulia, amekaa kama mtu aliye barazani kwake, na gurudumu linalia tiktiktik peke yake. Nilitamani. Sina namna nyingine ya kulisema.

Kosa langu ni hili. Mwezi uliopita wadogo zetu walitoka jando, uwanja wa mjomba ukajaa watu, na mimi nikaombwa nionyeshe mchezo wangu, nikapepeta vizuri watu wakafurahi, ndipo Leonard akasimama na sahani yake ya pilau akasema, "Huyu dada yangu hodari, nakubali. Ila msimpeleke mteremkoni, atawasagia unga mpaka wa wiki ijayo." Watu wakacheka mpaka wengine wakashika nguzo. Najua mtani hujibiwa papo hapo kwa utani, lakini neno halikuja, na badala ya kumjibu yeye nikamgeukia mjomba nikasema, "Mjomba, ningekuwa na friwili huyu angenyamaza."

Macho yote yakamwendea mjomba. Kwetu, mpwa akimgeukia mjomba wake mbele ya watu siku ya kutoka jando, hayo si mazungumzo, ni ombi, na mjomba akiliacha lianguke chini husemwa kwamba hajui kazi ya ujomba. Nililijua hilo tangu utotoni na bado nikasahau kwa sababu ya hasira. Mjomba Optatus akasimama, akaweka kofia yake sawa, akasema, "Mpwa wangu amesema na mimi nimesikia. Ufuta ukilipwa, friwili itakuja." Vigelegele vikapigwa. Hata Leonard alipiga makofi.

Mjomba alidhani ni friwili ya kawaida, ile inayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Alikwenda kesho yake akaambiwa ya gurudumu moja haipo hapa, inaagizwa ng'ambo, na mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam alipomtajia bei kwa simu, mjomba alimwomba airudie, halafu akaniita.

"Hebu nieleze, mwanangu. Hii bei ni ya gurudumu zima?"

"Hapana, mjomba. Ni kitovu tu."

"Na tairi?"

"Tairi halimo."

"Spoku?"

"Hazimo, mjomba."

Akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo ni pale katikati tu."

"Pale katikati tu."

"Haya," akasema, "nilishatamka mbele ya watu," akaenda kuwafunga mbuzi ambao walikuwa wameshafungwa.

Kinachoniuma, Bi Esha, ni kwamba fedha za ufuta wa mwaka huu zilikuwa za cherehani ya mkaza mjomba Katarina. Alishaondoa debe la mahindi pale karibu na dirisha ili cherehani ipate mwanga, na kitambaa cha kuifunika alishakidarizi maua. Hajanisema kwa ubaya hata mara moja. Ananiita Mama Friwili, "Mama Friwili, njoo ule, chakula kinapoa," na anacheka, na mimi nacheka. Lakini juzi nilipotoka shule nilikuta debe la mahindi limerudi dirishani.

Mwisho wa muhula huu tutakwenda Lindi kwenye tamasha la sanaa za shule, na huko maandamano yatashuka barabara ya kilimani kuingia uwanjani, na walimu wa sarakasi kutoka mbali watakuwepo kuchagua watakaokwenda mafunzo ya likizo. Mimi nataka sana kuchaguliwa. Nafikiri nikishuka miguu imetulia na mikono nimeinyoosha wataniona, na kama nitachaguliwa basi labda gharama ya mjomba haitakuwa bure, lakini Mwalimu Ambrosi nikimuuliza anasema, "Fikiria kwanza," na haongezi neno. Je, friwili inastahili bei yake? Na kama haistahili, nitamwambiaje mjomba bila kumfanya aonekane amelirudisha neno lake? Ufuta umeshapimwa ghalani, mnada umepita, tunasubiri malipo. Naamini njia ipo, ila mimi sijaiona.

Wako mtiifu,
Mama Friwili, Nyangamara

*

Marahaba, Mama Friwili.

Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka nilipofika kwenye lile debe la mahindi, hapo nikavua miwani. Una moyo mzuri, mwanangu, na mama wa kukulea unaye. Sasa kaa vizuri nikugombeze, maana umeomba mwenyewe.

Mimi gurudumu moja sijalipanda na kwa magoti haya sitalipanda, kwa hiyo nilimpigia simu Hasani, mtu wa sarakasi wa siku nyingi ninayemfahamu, ambaye amepanda la friwili na lisilo na friwili.

"Bi Esha," akasema, "umeanza lini mambo haya?"

"Jibu swali, Hasani."

Akasema friwili ni kitu kizuri kwa mtu anayesafiri mwendo mrefu wenye vilima, aliyekwisha kupanda miaka kadhaa, na ambaye gurudumu lake lina breki ya mkono, kwa sababu miguu haiwezi tena kulizuia. Yeye alipofungiwa friwili alianguka upya kama mtoto anayejifunza kutembea, na ilimchukua muda mrefu kuacha kuwatia hofu majirani. Nikamuuliza, "Na kusimama palepale, mbele kidogo na nyuma kidogo?" Akacheka sana. "Hapo hakuna, Bi Esha. Mbele ipo. Nyuma umeiuza."

Umesikia? Na hili ungeweza kulijua bila mimi wala Hasani. Naamini baiskeli ya kawaida hapo Nyangamara haikosekani. Iinue tairi la nyuma, zungusha pedali kinyume uone: tiktiktik, na tairi limetulia kama halihusiki. Sauti uliyoitamani ndiyo sauti ya mguu usio na amri juu ya gurudumu. Mjomba wako angetoa cherehani ya mkewe ili wewe unyang'anywe ungo, kisha ungefika Lindi huna la kuonyesha ila kushuka kilima umekaa. Wanaoshuka kilima wamekaa ni wengi, mwanangu, wanaitwa abiria. Anayesimama juu ya gurudumu moja akapepeta ufuta, mimi nimemsikia mmoja tu.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hapana. Friwili haistahili bei hiyo kwako, wala kwa mchezo wako, wala mwaka huu. Siku ukiwa mkubwa unataka kusafiri toka Lindi mpaka Kilwa kwa gurudumu moja, niandikie tena tuzungumze. Mteremko utaumaliza kwa kuzoea: shuka polepole, mguu unaopanda uukandamize kidogo kuzuia, na pakizidi, teremka utembee. Hayo ya kukandamiza ni maneno ya Hasani, ya kutembea ni yangu. Maandamano nayo huenda kwa mwendo wa watu wa miguu. Hakuna atakayekuhimiza.

Leonard nimemsamehe, amefanya kazi yake ya utani. Wewe ndiye uliyemkatia rufaa mtani, jambo ambalo halifanywi. Ulimi unao, nimeuona kwenye barua hii yote. Akikuuliza tena nani ana mahindi, mwambie ayalete, na ayachambue kwanza.

Tuje kwa mjomba, ambako ndiko penye kazi. Usimtume mkaza mjomba, itaonekana amekunyima. Usimtume mwalimu, itaonekana shule imeingia ndani ya nyumba ya mtu. Wala usimnong'oneze mjomba peke yake akiwa kwenye mbuzi, kwa sababu neno lililotoka mbele ya watu likibadilishwa gizani watu watasema limekufa. Nenda Jumapili, majirani wakiwa wamekaa nje, na Leonard awepo. Msalimu kwa adabu zote. Halafu useme hivi, kwa sauti ile unayotumia kusoma risala: "Mjomba, uliniahidi mbele ya watu, na mimi nimepokea mbele ya watu. Nimejifunza kwamba friwili itaniondolea mchezo wangu. Zawadi ni yangu na asante, ila naomba ibadilike iwe cherehani, ikae dirishani kwa mkaza mjomba, na nguo ya kwanza kushonwa iwe suruali yangu ya kwenda Lindi."

Unaona? Hujamrudishia neno. Umelipokea, ukaligeuza, na bado yeye ndiye mtoaji. Yeyote atakayesikia hapo ataona mjomba mmoja amewapa wawili kwa mara moja. Mjomba Optatus atakohoa, ataweka kofia yake sawa, na ndani ya kifua chake atashukuru kuliko atakavyoonyesha. Wewe usimchungulie usoni kutafuta hiyo shukrani. Mwachie heshima yake.

Na akishupaa kwa ajili ya watu, maana wapo wajomba wa namna hiyo, panda gurudumu lako hapohapo na ungo mkononi, simama palepale, kisha umwambie, "Mjomba, sasa fikiria kurudi nyuma hakuna." Ukianguka, sawa, itasaidia. Chagua penye mchanga.

Kuhusu kuchaguliwa sikuahidi kitu, hao walimu siwajui. Ila mazoezi ya kusimama yaongeze kuanzia leo, na ufuta utakaopepeta Lindi usiwe kidogo, waone kazi ya watu wa kwenu. Kama una tumaini, lipeleke kwenye kitu ambacho tayari unakiweza.

Jumapili hii, mwanangu, usisubiri ile nyingine. Fedha za ufuta zikishaingia kwenye simu ya mjomba aliyetamka mbele ya watu, hazikai zikapoa, atampigia yule wa Dar es Salaam kabla hajamwambia hata mkewe. Nenda kabla simu haijalia.

Bi Esha