Balozi Asiye na Barua

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitika, umelala makaburini Kisutu mwaka wa pili sasa, lakini hukunilea nianze maneno na mkubwa bila kumwamkia. Na leo nina maneno. Nimekasirika, mama. Nimekasirika tangu jana alasiri mpaka chai imenishinda, na jirani ameniuliza mara mbili kama nimefiwa. Nikamjibu ndiyo, nimefiwa upya.

Jana tulikuwa na mkutano Mnazi Mmoja. Uchaguzi umerudi. Wagombea wawili kama kawaida, wote wa Chama, mmoja kapewa alama ya jembe na mwenzake nyumba, wameletwa kwa gari moja na kuketishwa benchi moja kama maharusi wasiopendana. Unakumbuka watu wa sokoni walivyokuwa wakimcheka mwenye jembe? "Jembe Kariakoo, atalima lami?" Na wewe ukiwajibu, "Huo mchicha mnaokula mnadhani umeota sokoni?" Basi jana walicheka vilevile. Kabla wagombea hawajafungua mdomo, akasimama katibu wa Chama, kijana mwenye miwani, akasema atatusomea historia ya jimbo letu. Wallahi nilifurahi. Nikasukumana na watu mpaka nikafika mbele.

Akasoma. Zamani palikuwa shamba la minazi. Wakaja Wajerumani, wakajenga banda la soko. Wakaja Waingereza. Jimbo linaanzia huku, linapita Mchafukoge, linakomea mtaa wetu. Akataja wabunge wote mmoja mmoja, nasi tukapiga makofi. Kisha akafika kwa watu. Akawataja wenyeji, wenye nyumba zao na misikiti yao, na ni haki yao, nani atabisha? Halafu akakunja karatasi na kusema kwa haraka, kama mtu anayekimbilia chakula, "Na wengine ni wageni, waliotoka kusini na kwingineko kufuata riziki."

Basi. Hapo historia ikaisha.

Wageni! Hivi hilo jina la Kariakoo anadhani limetoka wapi? Si ulinihadithia mwenyewe, huku unachambua mchele, kwamba babu aliletwa hapa kutoka Newala akiwa mpagazi, wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza? Waliwalaza kwenye lile banda la soko kabla halijauza hata nyanya moja, wao na mizigo yao, na kambi yao, Carrier Corps kwa Kiingereza, ndiyo iliyoupa mtaa jina. Babu alilala Kariakoo kabla baba yake katibu hajazaliwa. Leo mjukuu wake anaambiwa mgeni, tena kwa kipaza sauti. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe la mtaa huu ulilishika miaka yote na hakuna aliyekupokea hata siku moja.

Ningemwambia katibu aje nimfundishe jimbo. Wewe ulikuwa unasema, "Jimbo ni hizi nyumba kumi zangu, mengine ni karatasi." Na ilikuwa kweli. Nyumba ya kwanza Mzaramo mwenye nyumba, wapangaji wake Wamwera watupu. Ya pili Wamanyema. Ya tatu yetu, sisi chumba cha uani, mbele yetu fundi cherehani Mngazija. Ya tano yule Mhindi wa vitambaa, aliyesema Kiswahili kukushinda wewe. Ya saba walinzi wa maghala, Wamakonde wenzetu, wenye chale usoni kama zako, na ukutani kwao msalaba, na Idi wakija kula pilau kwetu kabla hatujawaita. Mvuvi wa Feri alikaa ya tisa, na mtaa mzima ulijua samaki wamepatikana au hawakupatikana kwa jinsi anavyofunga mlango. Wote hao walikuchagua wewe, mwanamke, asiye na mume, tena wa kuja, kuwa balozi wa nyumba kumi. Na kila mmoja alijua kwamba hakuna jambo lake litakalokwenda ofisini bila barua yako.

Barua hizo niliandika mimi. Nilikuwa nimemkimbia mume Temeke, nimerudi kwako na sanduku moja, na badala ya kuniuliza maswali ukanipa kalamu. "Andika," ukasema, "kilio hakijai daftari." Wewe kisomo cha watu wazima kilikuwa kimekufikisha kwenye kuandika jina lako, ukajivunia jina hilo kama pete. Mimi naandika, wewe unatia sahihi na kugonga muhuri wako wenye ufa: mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, namfahamu vizuri. Mtoto anakwenda shule, barua. Mtu anatafuta kazi bandarini, barua. Mtu kakamatwa na wale wa kusaka wazururaji, wewe na barua yako mbio mpaka kituoni, khanga moja kichwani, ukamtoa.

Kisha wakachora mpaka upya. Sijui nani aliuchora. Alikuwa mtu mwenye rula na asiyekaa hapa. Mstari ukapita katikati ya mtaa wetu. Upande wetu jimbo hili, upande wa pili jimbo lile. Nyumba zako nne za ng'ambo wakampa Mzee Shomari, balozi wa huko, nawe ukapewa nne za nyuma. Na bomba la maji, mama! Bomba likabaki ng'ambo. Tukawa tunaoga maji ya jimbo jingine. Lilipokatika, mbunge wetu akasema bomba si la jimbo lake, na mbunge wao akasema wanaolia maji si watu wake. Ukavuka mtaa na kijana wa nyumba ya saba, akalifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na mpaka leo linatoka maji. Hilo nalo halimo kwenye historia ya katibu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, lile ambalo hatukuwahi kulisema tukamaliza.

Waliweka meza ya kuandikisha wapiga kura kwenye uwanja wa shule. Karani alikuwa mwalimu kijana, mgeni kabisa, kaletwa kutoka upande mwingine wa mji. Siku tatu nzima uliketi kando yake kwenye benchi, na kila aliyekuja alitoa barua tuliyomwandikia, nawe ukaitika, "Wangu huyu. Namfahamu." Wote wakaandikwa. Siku ya mwisho, jua limeshainama, ukainuka, ukajinyoosha mgongo, ukazunguka upande wa pili wa meza. Ukasema, "Haya mwanangu, na mimi niandike."

Akakuuliza, "Barua ya balozi iko wapi?"

Watu wakacheka. Nawe ukacheka. Mimi nilicheka kupita wote. Yeye hakucheka.

"Mama, kwenu wapi?" akakuuliza, akizitazama chale zako.

"Kwetu nyumba ya tatu kutoka kona."

"Nauliza kwenu hasa."

"Ndiko huko huko."

"Basi lete barua. Balozi hawezi kujitambulisha mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, mama."

Siku tatu! Siku tatu ameketi bega kwa bega na wewe, amekula mihogo yako ya kukaanga, ameamini neno lako kwa kila mtu, isipokuwa kwa wewe mwenyewe. Nikakimbia kwa Mzee Shomari. Maskini mzee wa watu, akaandika papo hapo, akatia sahihi, akaja mwenyewe na kofia yake ya heshima. Karani akaitazama barua akairudisha. Ati huyu ni balozi wa jimbo jingine, hana mamlaka huku. Hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwetu, mama, mtu aliyekufahamu tangu ulipokanyaga mji huu. Nikakimbia tawini kwa Chama, mwenyekiti hayupo, kaenda Kivukoni kupokea wageni. Niliporudi, daftari limefungwa na karani anafuta vumbi viatu vyake.

Siku ya kura uliwapanga watu wako kwenye foleni tangu alfajiri. Ulimshika mkono yule bibi kipofu wa nyumba ya pili mpaka kwenye kamba, ukamkabidhi kwa msimamizi, ukarudi nyuma. Nilikuuliza, "Mama, wewe je?" Ukanijibu, "Mimi nimeshapiga. Hawa wote ni kura yangu." Kila mtu akakusifu kwa moyo mkubwa. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na hasira na wewe, na leo nakwambia: kwa nini hukupiga kelele? Mwanamke aliyewatoa watu kituo cha polisi kwa ukali wa ulimi wake! Mbona kwa nafsi yako ulikuwa mpole kiasi kile? Usiku na mchana nimelibeba swali hilo.

Lakini hasira kubwa ni juu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Nyumba zote kumi niliziandikia, mpaka mpangaji aliyehamia juzi yake, mpaka yule mlevi wa nyumba ya sita asiyejua hata jina la mgombea. Haikunipitia akilini kwamba balozi naye anahitaji balozi. Ningelifikiria hata siku moja kabla, ningekimbia tawini asubuhi, nikamkuta mwenyekiti. Sikulifikiria. Ulikuwa kama ukuta wa nyumba kwetu; tunauegemea, hatuuulizi kama umechoka. Ukafa kabla uchaguzi mwingine haujaja, na kwenye daftari la jimbo hili jina lako halikuingia hata mara moja.

Ndiyo maana jana sikuweza kunyamaza. Nilinyoosha mkono. "Ndugu katibu," nikasema, "hao wageni wana majina."

"Maswali mwisho, ndugu," akasema.

Mwisho ulipofika akasema muda umekwisha. Nikapaza sauti hivyo hivyo. Nikalitaja jina lako, na la babu, na bomba, na karani. Sikumaliza, wakawasha muziki. Lakini nyuma yangu nikasikia sauti nzito, "Mwacheni aseme!" Ni yule mlinzi wa nyumba ya saba. Na mwingine, na mwanamke wa mafungu ya nyanya. Katibu akaivua miwani akaipangusa, na wale maharusi wawili wakaangalia viatu vyao.

Sijakwambia bado. Mwezi uliopita nyumba kumi zilinichagua mimi. Muhuri wako uko mezani kwangu, bado una ule ufa pembeni. Na leo asubuhi kabla ya kila kitu, kabla ya mzazi yeyote wa mtoto wa shule na mtafuta kazi yeyote, nimemwandikia mkazi wangu mmoja barua hii, nitaipeleka tawini kwa mkono wangu, na nitakaa kwenye benchi lao mpaka waipokee:

Kwa anayehusika na historia ya jimbo hili. Yah: utambulisho wa Somoe binti Likwata. Mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, nyumba ya tatu kutoka kona, chumba cha uani. Si mgeni. Namfahamu vizuri. Tafadhali aandikwe.

Lala salama, mama. Mtaani wote wazima, na bomba linatoka maji.

Mimi mwanao, balozi wako.